Tai ya Marehemu

Kwetu Misigiri kila mtu ana kazi inayoeleweka. Kuna wa alizeti, wa vitunguu, wa mbuzi, na yule anayekaa kijiweni na bodaboda yake akisubiri abiria na kusengenya wapita njia. Mimi nachora picha kwenye kishikwambi. Nikiulizwa kazi yangu nasema hivyo hivyo, na aliyeuliza ananiangalia kwa huruma, halafu anamgeukia mama na kumuuliza kama nimeshapata kazi.

Waliokuja kugundua kwamba nina kazi ni baba mkubwa na shangazi, kaka na dada wa marehemu baba yangu. Waligundua ukoo ulipoamua kumjengea baba kaburi. Mwaka ulikuwa umekatika tangu tumzike, fundi ameshapatikana, saruji imeshaletwa, na kichwani pa kaburi kingewekwa kigae chenye picha yake, kama walivyowekewa marehemu wote wa siku hizi ambao ndugu zao hawataki kusemwa. Kigae kinachapwa Singida mjini. Kilichokuwa kinatakiwa ni picha nzuri tu.

Sasa picha nzuri ya baba haikuwepo. Ilikuwepo picha moja ya karatasi ambayo mama aliifunga kwenye kipande cha kanga ndani ya sanduku lake. Baba alipigwa picha kwenye harusi ya jirani, amevaa pama lake la shambani, kofia ya ukingo mpana, kivuli cha pama kimemfunika hadi puani, na anacheka mdomo wazi mpaka lile pengo la jino la mbele linaonekana lote. Ndivyo alivyokuwa akicheka siku zote. Mama alizoea kumtania, "Funga mdomo, nzi wataingia," na baba alizidi kucheka. Mimi nilikua nikidhani hiyo ndiyo salamu ya mke na mume.

Niliipiga picha ile ya karatasi nikaiingiza kwenye kishikwambi. Baba mkubwa akasema anaichukua karatasi yenyewe akaitafakari nyumbani kwake. Akaiweka mfukoni mwa shati, akaitafakari kwa muda ambao siujui, na shati likaenda kufuliwa. Ilivyorudi kwetu ilikuwa karatasi nyeupe, safi, inanukia sabuni. Nilikasirika. Yeye hakusema pole. Alisema, "Si ipo humo kwenye kishikwambi chako?" Kitu ambacho siku zote alikiita mchezo wa watoto kilikuwa ghafla kimepandishwa cheo na kuwa hazina ya ukoo.

Mama aliipokea ile karatasi, akaifunga tena kwenye kipande kile kile cha kanga, akairudisha sandukuni. Kisha akaniambia maneno machache tu. "Huyo uliyebaki naye humo, usinipotezee."

Basi nikaanza kazi nikiwa na woga, na hapo ndipo maski iliponifaa. Nieleze kidogo, maana baba mkubwa alieleweshwa mara nyingi na hakuelewa, ila yeye ni mkubwa kwangu na wewe pengine si mkubwa. Kwenye programu ya kuchorea, picha inapangwa kwa leya, moja juu ya nyingine, mfano wa shuka kitandani. Kila leya unaweza kuivisha maski. Ukipaka rangi nyeusi kwenye maski, leya inajificha pale ulipopaka na ya chini yake inaonekana. Ukipaka nyeupe, inarudi. Hakuna kilichofutwa. Kinachohitajika ni kukumbuka tu kama brashi yako iko kwenye picha au iko kwenye maski, jambo dogo ambalo mimi, fundi mkubwa, nilikuwa nalisahau kila siku.

Kwanza niliitengeneza nakala ya picha, maana ile halisi niliapa sitaigusa. Kwenye nakala nikaficha turubai la harusi na watu waliosimama nyuma wakigombea soda. Chini yake, kwa ajili ya kujaribu tu, nikaweka picha yangu ya zamani ya mbuzi, nikaikuza mpaka mbavu zake zikawa kama ukuta nyuma ya baba. Baba mkubwa alikuja kukagua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akakitazama kishikwambi kwa umbali wa mkono mzima.

"Yako wapi masharubu?" akauliza.

"Baba hakuwa na masharubu, baba mkubwa."

"Wanaume wa ukoo huu wana masharubu. Kama alikuwa ananyoa, hayo yalikuwa mambo yake."

Nikachukua brashi nyeusi nikamchorea baba masharubu. Ila brashi ilikuwa kwenye maski. Pale nilipopaka weusi pakatoboka, na kwenye tundu lenye umbo la masharubu akatokeza mbuzi, mbavu zake nyeupe zenye madoa ya kijivu. Nikaganda. Baba mkubwa akasogeza uso karibu, akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

"Hapo sasa," akasema. "Hata mvi umeziona. Mtoto una akili wewe."

Ningemwambia nini? Nilisema asante.

Siku iliyofuata shangazi naye alifika, kwa sababu alisikia kwamba kaka yake ameshauri na yeye hajashauri. Yeye alikuwa na neno moja, pengo. Marehemu hawezi kukaa pale kaburini na pengo, watu wanapita njiani na baiskeli zao wanaangalia, watasema familia gani hii. Jino likawekwa. Kisha wakasikilizana wote wawili kwamba pama livuliwe, maana mtu havai pama mbele za Mungu. Sikuuliza nani kawaambia mavazi ya huko. Nikavua pama. Chini ya pama, kumbe, hapakuwa na kitu cha kuchora. Baba alilivaa tangu asubuhi hadi kulala, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuniambia paji lake lilikuwaje.

"Chora langu," akasema baba mkubwa. "Tulizaliwa tumbo moja."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki uani, kidevu juu, nikamchora paji la uso. Paji likadai nyusi zinazofanana nalo, kwa hiyo nikachora nyusi zake. Macho ya baba yalikuwa kivulini, kwa hiyo na macho nikachukua ya pale pale kitini. Halafu wakaleta habari ya koti na tai. Baba yangu, mtu wa alizeti, hakuwahi kuvaa tai hata siku ya ndoa yake. Nilivyosema hivyo, shangazi akaniuliza kama nataka ukoo uchekwe. Nikachora tai. Shangazi akataka iwe nyekundu, nayo ikawa nyekundu.

Mama muda wote huo alikuwa jikoni. Mambo ya kaburi ni ya ukoo, na mama, baada ya kuolewa ukoo huo na kuuzalia na kuupikia miaka yote ile, bado ni mgeni wao linapofika jambo la maana. Alileta chai, akaondoa vikombe, akaleta tena. Hakuna aliyemuuliza chochote. Nami sikumuuliza, kwa sababu niliogopa kwamba atataka kuona.

Kitu kimoja tu nilifanya kwa akili yangu. Leya zote za wakubwa, ile nakala yenye masharubu ya mbuzi, jino, paji, koti na tai, nilizikusanya kwenye folda moja na folda hiyo nikaivisha maski yake moja. Chini kabisa nikaiacha picha ya harusi kama ilivyokuwa. Sikuwa na mpango. Niliona tu kwamba kama nimekabidhiwa baba nisimpoteze, angalau nijue amelala wapi.

Ikafika siku ya kuidhinisha, kwa sababu kesho yake baba mkubwa alikuwa anapanda gari la kwenda Singida mjini na picha. Tukakaa uani. Kishikwambi kikapita mkono kwa mkono. Shangazi akasema marehemu amependeza. Baba mkubwa akasema anafanana na mtu wa serikali, na kwa kweli hakuweza kusifia zaidi ya hapo. Mama akatokea na sinia la vikombe, na shangazi, kwa furaha ya kazi iliyokwisha, akajisahau akamwambia, "Wifi, hebu njoo umwone mumeo."

Mama akaweka sinia chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakichukua kishikwambi, akakitazama sana. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shemeji," akamwambia baba mkubwa kwa sauti yake ya kawaida, "kwani ni wewe unayejengewa kaburi?"

Baba mkubwa akamnyang'anya kishikwambi, safari hii hakukiweka mbali na macho. Akaangalia paji. Akaangalia nyusi. Akajishika masharubu yake. Mtu aliyekuwa anataka kigae kikubwa kuliko vyote pale makaburini alikuwa sasa anajiona amebandikwa kaburini, na tai nyekundu juu.

"Nitoe," akasema. Alikuwa anahema. "Nitoe humo sasa hivi, usicheze na mimi."

"Sawa, baba mkubwa," nikasema, na Mungu anisamehe, nilikuwa na raha.

Lakini sikumtoa mimi. Nikafungua maski ya folda, nikachagua brashi nyeusi, nikahakikisha mara mbili, hata mara tatu, iko wapi. Nikamsogezea mama. Nikamwambia, "Mama, pitisha kidole hapa. Taratibu. Huharibu kitu."

Mama hajawahi kushika kishikwambi isipokuwa kukifuta vumbi. Akaanza na tai. Kidole kikapita, tai ikaondoka, likatokea shati la baba lenye kola iliyochanika. Akaondoa koti. Akapita juu ya masharubu, yakaenda na mbuzi wake. Akafika kwenye paji na baba mkubwa akashusha pumzi nzito, kwa maana pama lilikuwa linarudi mahali pake na kivuli chake, na chini ya kivuli yale macho ambayo huwezi kuyaona vizuri. Shangazi akasema, kwa sauti ndogo, angalau jino libaki. Mama akapitisha kidole pale pale, mara moja, na pengo likafunguka.

Baba mkubwa, ambaye wiki nzima alikuwa na neno kwa kila kitu, alivua kofia yake akaiweka gotini. Shangazi alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, na chai ilikuwa inapoa.

Mama hakulia. Alikiinua kishikwambi kikawa usawa wa uso wake.

"Funga mdomo, nzi wataingia," akamwambia. Akanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza siku zote, kumpa nafasi ya kucheka.