Barua Ilikuwa Bado Baharini

Igoki amewachapia wanafunzi wa chuo cha Nchiru insha zao miaka kumi na tisa, na hana subira na mtu yeyote. Wiki iliyopita alikuwa akisomewa na Mwalimu Muchangi, mzee wa Manyatta aliyerudi chuoni kusoma, ili achape, habari za vita vya Wamarekani na Waingereza vya mwaka 1812: Kanada ilivyovamiwa, na Washington ilivyoteketezwa.

Jumatano asubuhi mzee akaleta ukurasa wa mwisho. Mkataba wa amani ulikuwa umeshatiwa sahihi Ulaya, akasoma polepole, lakini barua ilikuwa bado baharini. Majuma mawili baadaye watu wakauana New Orleans.

"Ujinga mtupu!" Igoki akafoka.

"Nani angewaambia?" mzee akauliza, akatoka. Chai aliyomiminiwa hakuigusa.

Saa sita mchana huo akaingia Wanjira, binti wa mzee, macho yamevimba. "Mama, nimekuja kuchukua kazi ya baba. Alitutoka Jumatatu jioni."

Igoki akaitazama ile chai, imeshika utando juu.

"Na nyinyi," akasema kwa ukali, "mbona hamkumwambia?"