Rekodi ya Misikhu

Karani wa rekodi pale Kitale hupangusa vipokea sauti kwa pindo la leso kabla ya kuvivaa, hata kama ni yeye aliyevivua. Huandika neno kwa neno simu za wakulima, ili kompyuta iliyozoea Kiswahili cha taarifa ya habari ijifunze usemi wa shambani. Husikiliza akiwa amefumba macho, midomo ikifuatisha. Rekodi isiyoeleweka huwekewa alama ikatupwa, na kompyuta haitaijua sauti hiyo kamwe. Yeye hutupa chache kuliko wenzake wote. Jumanne ilisikika rekodi ya mama mmoja wa Misikhu, upande wa Bungoma. "Mahindi yangu imeriwa na wadudu, bana. Na hapo kwenyu iko msichana wangu, mumusalimie." Kiarie, karani mwenzake aliyekuwa akisikiliza naye, alicheka. "Huyo si ni wa kwenu?" "Simjui," karani akasema, akabonyeza ile alama ya kutupa. Midomo yake ilikuwa imekwisha kufuatisha kila neno, hata ile pumzi ambayo mamake huvuta kabla ya kuaga. Alivua vipokea sauti, akavipangusa, akazidi kuvipangusa, huku mkulima mwingine ameshaanza kuongea mapajani mwake.