Mama Aliyetaka Nimkosoe Picha Zake

Mkiniita mwongo sitabishana nanyi. Lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, pale Bariadi, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu. Kamera ndogo zikajaa madukani, kila mtu akawa mpiga picha. Mimi nilikuwa na studio karibu na stendi, na watu walioleta picha zao kusafishwa walipenda niwakosoe. Huyu kakata vichwa vya wakwe zake, yule kapiga akiwa amelielekea jua, bibi harusi katoka mweusi tii. Tulicheka sana. Ila mara mojamoja ilikuja picha nzuri kweli, nami niliifurahia kama yangu.

Jioni moja, jua bado halijazama, akaingia mama nisiyemjua. "Mwadila," akanisalimu Kisukuma, nikaitikia. Akatandaza picha nne mezani.

"Niambie kama nimejua kupiga."

Niamini, sijawahi kuona picha za namna ile kwa mtu asiye fundi. Mzee ameketi mlangoni, nusu ya uso kwenye mwanga, nusu gizani. Msichana anachota maji, na mpigaji ameinama hadi usawa wa ndoo. Hakuna aliyejikaza kama watu wanavyojikaza mbele ya kamera.

"Umewafanyaje mpaka wasikutazame?"

"Hawanioni," akasema.

Nilidhani anatania. Nikachukua ya tatu. Alikuwa jirani yangu, mama Kulwa, kitandani, amepigwa kutoka juu kabisa, kwenye dari. Mama Kulwa tulikuwa tumemzika wiki ileile, na shuka ile ndiyo aliyofia. Ya nne ilikuwa ya mdogo wangu Masanja, mkulima wa Kimali, amelala chali chumbani kwake mchana.

Wewe ungefanya nini? Nikawaza jambo moja tu: nikiiponda, labda ataitupa.

"Hii mbovu," nikasema. "Mkono umeukata. Dirisha limefungwa, mwanga haumfikii usoni. Ya kutupa hii, mama."

Akaitazama, kisha akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Ahsante sana, baba. Wengine wananisifia tu. Nitairudia."

Akatoka. Nikamfuata mpaka barazani. Barabara nzima haikuwa na mtu.

Nikadandia lori la pamba hadi Kimali. Masanja alikuwa mzima, akanishangaa. Nilimhamisha chumba kile na dirisha nikalipigilia mbao mwenyewe. Masika yalipofika alikuwa ameshaanza kunicheka.

Kisha mkewe akaniita. Masanja alikuwa ameingia chumba kilekile kujipumzisha mchana, hakuamka. Mbao zilikuwa zimeng'olewa. Mwanga ulimwangukia usoni, na mkono wake umelazwa vizuri kifuani.

"Nani amemlaza hivi?" nikauliza.

"Hakuna aliyemgusa, shemeji. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Studio niliifunga. Harusi za wanangu zimepita, sijasimama kwenye picha hata moja.

Nawe, mtu usiyemjua akikuletea picha, kabla ya kusifu au kukosoa, tazama macho ya waliomo. Kama hakuna hata mmoja anayejua kwamba anapigwa, funga mdomo wako. Usimfundishe kitu.