Mshonaji na Shule Yake

Jirani yangu hapa Koboko, kaskazini mwa Uganda, ni mshonaji, na bintiye Kiden, wa miaka minne, anasomea pembeni ya cherehani. Mguu wa mama unakanyaga, mdomo unafundisha. Vifungo ndivyo hesabu, na herufi Kiden anazichora sakafuni kwa chaki ya kupimia nguo. Sauti ya mama inakwaruza kwa uchovu, lakini haipandi. Mama Akram, jirani mwingine ambaye mwanawe anashinda chekechea mpaka jioni, hachoki kumshauri.

“Dada, peleka yeye kwa wenzake. Wewe utapumzika.”

Naye hujibu, uzi ukiwa menoni: “Akram narudi iko nalala kwa boda. Chakula hapana kula, habari hapana leta. Mimi nataka huyu wangu na macho yake wazi.”

Juzi mvua ilinikimbiza hadi barazani kwake. Cherehani ilikuwa kimya, naye mama ameangusha kichwa juu ya sare za chekechea hiyohiyo, maana kazi ni kazi. Kiden alikuwa peke yake sakafuni, akiandika, akijisahihisha kwa kunong'ona. Nilipopiga hodi akaweka kidole mdomoni pake.

“Pole pole, mama,” akaniambia. “Shule iko nalala.”