Mahindi Yaliyoacha Kunuka

Nyevu alianza kufagia ghala la mahindi Changamwe baada ya mumewe kuangukiwa na magunia humo humo, akafa, akamwacha na mtoto mchanga na mimba changa. Ada ya pale ilijulikana: kilichomwagika chini ni cha wafagiaji. Jioni wanawake walifunga punje zao kwenye leso, zimechanganyika na unga mweupe wa dawa ya fukusi, wakaenda nazo nyumbani.

Hawakuzila hivyo hivyo. Dawa ile ilikuwa na uvundo kama wa chumba kilichofungwa masika nzima. Nyevu aliyaosha mahindi, akayaanika juani, na kila asubuhi akachota konzi akanusa. Harufu ikiisha, yanakwenda kinuni. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wenzake.

Mwanawe wa kwanza, Baya, alikufa kwa degedege, ndiyo kwanza ameanza kula uji. Watu walisema ni nyuni, pepo wa ndege akamataye watoto. Sasa alikuwa na Masha mgongoni, bado ananyonya, na alichokiogopa Nyevu ni kimoja tu: asije naye akakakamaa mikononi mwake.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru akaja Ghanim, kijana wa Jomvu Kuu aliyesomea kemia, kuipima dawa ya ghala. Alimkuta Nyevu nje, ameinamia uteo wa mahindi.

"Shikamoo, mama. Wanusa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Natazama kama dawa imetoka."

"Mwache huyo," akadakia Nyamvula, mfagiaji mwenzake. "Ana pua ya paka! Mumewe alikuwa hawezi kuficha hata tone la pombe ya mnazi."

Wanawake walicheka. Ghanim hakucheka. Aliokota waya, akaukunja pembe sita, akaunganisha ncha. Kisha akainua pembe moja na kuishusha ya upande wa pili, ukawa kama kiti cha kujilaza.

"Dawa hii ni pete ndogo mno, jicho halizioni. Hazilali bapa, hujikunja hivi. Kila pembe imeshika klorini moja. Katika baadhi ya pete, klorini kadhaa husimama wima, zikasongana kama watu mlangoni. Pete moja ya namna hiyo ndiyo iuayo fukusi, na mtoto akiila humtia degedege. Lakini iko nyengine, klorini zake zote zimelala ubavuni, kila moja na nafasi yake. Hiyo imetulia. Jua haliivunji, maji hayaiyeyushi, na mwili hauoni pa kuishika. Hukaa tu ndani ya mafuta yako."

"Na harufu?"

"Harufu ni ya taka zilizochanganyika na dawa. Pete zenyewe hazinuki, wallahi."

Nyevu akauweka uteo chini polepole.

"Basi Baya wangu..."

"Sikumwona, mama. Siwezi kuapa."

"Na hiyo iliyotulia, imo ndani yangu?"

"Imo."

"Na kwenye maziwa?"

Ghanim aliugeuzageuza ule waya. "Maziwa yana mafuta, mama."

Nyevu aliyamwaga mahindi yote shimoni, akayafukia kwa miguu.

Jioni Masha alilia njaa. Nyevu alimpa maji, akayatema. Akamwimbia, akamtembeza uani, hata jirani akapiga kelele, "Ewe Nyevu, si umnyonyeshe mtoto!" Chumbani hakukuwa na kitu chengine cha kumpa.

Akakaa kitandani, akakamua tone kwenye kiganja, akalinusa. Lilinukia maziwa, maziwa matupu. Hapo ndipo alipolia. Kisha akamsogeza Masha kifuani.