Sponji Iliyopotea Mara Tano Kabla ya Koito

Sponji yangu ya jikoni ilipotea mara tano ndani ya wiki sita.

Mara nne niliipata na kuirudisha kazini. Mara ya tano nikamtegea mwizi.

Mtego wangu ulinishika mimi mwenyewe, mbele ya wakwe, na mpiga picha akiwa amesimama tayari.

Naitwa Selpha. Kwetu ni Kimilili, lakini nimeolewa Kiplombe, hapa Eldoret, na huu ni mwaka wa ishirini na tatu. Nina diploma ya upishi na usafi wa chakula. Kazi yangu ni kufundisha wafanyakazi wa hoteli namna ya kulisha watu bila kuwapeleka hospitali.

Kumbuka hilo la diploma. Litaniaibisha hapo mbele.

Binti yetu Chepkirui alipata mchumba, kijana wa Cheptiret. Tarehe ya koito ikawekwa. Koito ni ile siku watu wa kijana wanakuja nyumbani kwa msichana kuzungumza mambo ya mahari na kula. Na kwa Wakalenjin, hakuna mazungumzo kama hakuna mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyogandishwa na kutiwa mkaa wa mti wa senetwet.

Kwa miaka yote hiyo mursik ya sherehe ilitengenezwa na mama mkwe wangu, Mama Tapkigen. Mimi nilikuwa wa chapati na pilau.

Safari hii nikasema, huyu ni mtoto wangu. Mursik natengeneza mimi.

Shangazi wa mume wangu, ambaye sote tunamwita Senge, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Chepkirui, mursik si chai ya hoteli."

"Senge, ni maziwa tu. Nimesomea maziwa."

"Umesomea! Basi siku hiyo utatuletea cheti chako tukinywe."

Hapo ndipo niliapa. Hata ng'ombe agome, nitatoa mursik ambayo Senge atalamba kikombe.

Mama Tapkigen alitoka Soy akaja kukaa nasi miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Alikuja na vibuyu viwili, na ile fito yake ya kuoshea, sosiot, kijiti cha mtende kilichopondwa ncha mpaka ikawa kama brashi.

Nikaiangalia ile fito. Ilikuwa nyeusi, nzee, imetumika tangu sijui lini.

"Mama, hii imepitwa na wakati," nikamwambia. "Hapa tunaosha kwa sponji na sabuni."

Akaniangalia. Akaangalia sinki. Akasema, "Sawa, mwanangu."

Mama mkwe akikwambia sawa haraka hivyo, shtuka. Mimi sikushtuka.

Nikamwita Nekoye, dada anayenisaidia kazi za nyumba. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga sponji kwenye mpini wa mwiko ili ifike ndani kabisa ya kibuyu. Nilijiona mvumbuzi.

Sasa wacha niwaambie kuhusu sponji yenyewe, na msinihukumu haraka.

Ilikuwa ya njano ilipozaliwa. Iliingia kazini mwezi wa pili, na sasa tulikuwa tunakimbilia mwezi wa sita. Iliosha vikombe, ikaosha sufuria ya matumbo, ikapanguza meza, ikafuta damu ya kuku kwenye ubao, kisha ikarudi kulala kwenye kibakuli cha maji ya sabuni kando ya sinki. Usiku na mchana ilikuwa inaogelea.

Kwenye kabati nilikuwa na pakiti nzima ya sponji mpya. Hiyo ilikuwa ya wageni.

Ndiyo. Nilikuwa naweka sponji za wageni, kama vile watu huweka vikombe vizuri. Huyo mgeni wa kuja kuniosha vyombo sijui nilikuwa namngoja atoke wapi.

Jaribio la kwanza la mursik lilitoka na harufu ya kitambaa cha kupiga deki. Nikalaumu ng'ombe.

Siku mbili baadaye sponji ikapotea. Nikaipata kwenye pipa la taka.

"Nekoye! Umetupa sponji nzima?"

"Si mimi, Mama."

"Kwani ilitembea?"

Nikaisuuza, nikairudisha kwenye kibakuli chake.

Wiki iliyofuata nikaipata kwenye banda la kuku. Nikaisuuza, nikairudisha. Mara ya tatu ilikuwa katikati ya sukuma wiki. Mara ya nne ilikuwa imetundikwa kwenye waya wa ua, imechomwa katikati kama mshikaki.

"Huyu ni mtu ananichezea," nikamwambia mume wangu Kipkemboi.

"Nunua ingine," akasema bila kutoa macho kwenye simu.

"Ya nini na hii bado ina nguvu?"

Jaribio la pili la mursik likaharibika vilevile. Safari hii nikalaumu kibuyu. Senge akapiga simu kuuliza habari, nikamwambia mambo ni moto. Mambo yalikuwa yananuka.

Zilibaki wiki mbili. Nekoye nilikuwa nimemwambia wazi: sponji ikipotea tena, afungashe virago. Alilia. Nami, Mungu anisamehe, nilirudi kuendelea kukata vitunguu.

Nikaamua kutega.

Nilikuwa na rangi nyekundu ya keki, ile ya unga, ambayo ikikugusa na maji unaibeba siku kadhaa. Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya koito, nikaipasua ile sponji kando kwa wembe, nikajaza unga wa rangi katikati, nikaibana. Mwenye kuitupa ataikamua kwanza, nikawaza, na akiikamua tu, mikono itasema.

Kibuyu hakikuwa kwenye hesabu zangu. Nekoye nilimwagiza akioshe Ijumaa, na nilijua Ijumaa imepita.

Jumapili asubuhi, sponji hakuna. Safi sana.

Nikaita watu sebuleni. "Leteni mikono."

Kipkemboi akaleta yake, amechoka nami. Safi. Chepkirui, safi. Nekoye akanyoosha yake. Myeupe kabisa kwenye viganja.

Mama Tapkigen alikuwa ameketi pembeni na glavu za sufu za marehemu baba mkwe.

"Baridi ya Kiplombe siku hizi," akasema.

Sikumwambia avue. Nani anakagua mikono ya mama mkwe wake?

Basi nikaachana na mwizi, nikashika kazi. Kibuyu nikakipaka mkaa kwa ndani, nikamimina maziwa niliyochemsha na kupoza, nikafunga, nikaweka kwenye kona. Nikaomba. Safari hii sikufungua kuonja. Kusema kweli niliogopa.

Jumamosi ikafika.

Wageni wa Cheptiret walijaa hema. Msemaji wao alikuwa Mzee Kiprotich, mtu mrefu mwenye kofia na sauti ya mhubiri. Mwaliko wa mursik ukatangazwa. Nikatoka na kibuyu changu, nimevaa kitenge kipya, natembea kama mimi ndiye ninayeolewa.

"Ni mama mwenyewe ameitengeneza," Kipkemboi akasema kwa fahari.

Nikamimina.

Ilitoka ya waridi.

Si kijivu cha mkaa. Ni waridi, kama gauni la msichana wa Sunday School, na madoadoa meusi yakielea juu.

Watu wakanyoosha shingo. Hata mtoto mmoja aliyekuwa akilia alinyamaza aone.

Senge akainama kwenye kikombe. "Hii ni mursik ama ni yoghurt ya watoto?"

Mtu akacheka nyuma. Mzee Kiprotich akanusa, akakiweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Nikamgeukia Nekoye aliyekuwa nyuma yangu na trei. "Uliosha kibuyu lini?" nikamnong'oneza.

"Jumamosi, Mama. Ijumaa nguo zilikuwa nyingi."

"Na ile rangi hukuiona?"

"Niliona maji mekundu. Nikadhani ni dawa yako mpya ya kuua vijidudu. Wewe huleta dawa nyingi. Na nilikuwa nimevaa glavu za mpira, zile ulisema nisivue."

Wueh.

Chepkirui alikuwa ananiangalia, machozi yako njiani. Nikatamani ardhi ya Kiplombe ifunguke, hata kama ni ndogo.

Ndipo Mama Tapkigen akasimama.

"Mniwie radhi," akasema kwa sauti ya juu. "Selpha kwa furaha amechanganya vibuyu. Hiyo ni ya paka. Ya wazee iko chumbani kwangu."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake cha pili. Nilidhani kilikuwa kitupu muda wote huo! Akakaa mbele ya Mzee Kiprotich. Ili akifungue, ikabidi avue glavu.

Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimefifia kidogo kama mtu aliyechuma matunda ya porini juzi.

Macho yetu yakakutana. Hakupepesa. Akamimina, na ikatoka mursik ya kijivu, nzito, inayong'aa. Mzee Kiprotich akanywa, akafunga macho, akaomba kikombe cha pili kabla hajameza cha kwanza.

"Sasa tunaweza kuongea," akasema.

Senge alilamba kikombe. Nilimwona kwa macho yangu, na sikufaidi chochote.

Ile ya waridi ilipelekwa nyuma ya nyumba. Paka akainusa, akaniangalia, akaenda zake.

Wageni walipokuwa wakila, nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anasugua kibuyu chake kwa ile fito na maji ya moto. Akaikung'uta fito mara mbili, akaisimamisha juani dirishani, ncha juu.

"Mama, ni wewe ulikuwa unatupa sponji?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Wewe unafundisha hoteli nzima usafi. Mimi nikuambie nini? Nilikuona unatia ile kitu kwa kibuyu, imetoka kwa matumbo, imelala majini. Hii fito yangu unaona nzee, lakini haijawahi kulala na maji hata siku moja. Inaoshwa, inakaushwa. Ikichakaa, nachonga ingine."

"Lakini ungesema, Mama."

"Nilisema mara nne, Selpha. Mara ya tano ukanipaka rangi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sakafu. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikamtafuta Nekoye, nikamwomba msamaha mbele ya wapishi wote, bila kumung'unya maneno.

Pakiti ya wageni ilifunguliwa jioni hiyohiyo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu haya ndiyo ninayofundisha kila wiki na sikuwa nayafanya kwangu. Sponji ya vyombo ni ya wiki moja, ukijikaza sana mbili. Ikianza kunuka kabla ya hapo, imekwisha, usiihurumie. Kila ukimaliza kuosha, toa mabaki ya chakula, suuza sabuni yote, ikamue, isimamishe mahali penye hewa ikauke. Kibakuli cha maji kando ya sinki kitoe nje, kiwe cha kuku kunywea maji. Damu ya nyama na kuku futa na kitu cha kutupa, sponji isiguse. Ya sinki na meza iwe nyingine kabisa. Kuichemsha kunapunguza vijidudu kwa muda, hakuifufui iliyooza.

Kwangu sasa Nekoye ndiye anayehukumu. Kila Jumatatu ananiletea sponji puani, "Mama, nusa," na akikunja uso inaenda bila rufaa.

Arusi ni mwezi wa kumi na mbili. Mursik natengeneza mimi. Mama amenichongea sosiot yangu, mpya, na ameniambia akiona povu la sabuni karibu na kibuyu, yeye atahamia kwa Senge.

Wewe unayesoma hapa ukinicheka, inuka. Nenda jikoni, iokote hiyo yako, inuse.

Usinijibu kwenye maoni. Pipa liko hapo karibu.