Nyumba Ambayo Wapangaji Hawahami

Miaka ya hamsini ilipoanza, sikuwa nimefikisha miaka tisa na tayari tulikuwa tumehama mara nne, zote humo humo Mbugangari, mtaa unaopakana na Goma. Baba alikuwa fundi cherehani; kwake yeye, penye baraza ya kuweka mashine palitosha. Mwenye nyumba mmoja alitutoa kwa kuwa mwanawe anaoa, mwingine kwa kuwa alituchoka tu. Chumba cha nne kilikuwa na unyevu, na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka miwili, alikohoa mpaka bibi mzaa mama akashuka kutoka kijijini kwake Mudende, mlimani, kumchukua. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema atamrudisha siku tutakapopata nyumba ya kukaa, si ya kupita.

Tangu hapo mama hakutafuta chumba, alitafuta wapangaji wasiohama. Alikuwa na njia yake, nami niliionea aibu. Asubuhi alichukua kigae cha chungu, akaingia ua asioujua na kuomba kaa la moto, kama jirani anavyoomba kwa jirani. Penye watu wa kupita, kila mlango ulikuwa na moto wake, na kila mtu alituuliza tumetoka wapi. Mama alishukuru, akatoka.

Ndipo tukaingia ile nyumba ndefu ya vyumba sita chini ya bati moja, kwenye njia ya mpakani. Moto ulikuwa mmoja, na wanawake wote walichota hapo. Mmoja alimjazia mama kigae bila kuuliza lolote. Mama akauliza kama kuna chumba. Wakacheka.

"Hapa mutu hahamake, mama," alisema yule, akimwonyesha kijana wake. "Mi nilifika na mimba ya huyu, na sasa angalia ndevu yake!"

Nilikasirika. Nyumba nzuri tumeipata, na uzuri wake ndio unaotufungia mlango! Lakini mama alirudi kesho yake, na keshokutwa, mwaka mzima na nusu, akiacha moto wa majirani na kwenda kuomba wa mbali. Mara nyingi kaa lilifika nyumbani limekuwa jivu. Baba alisema mkewe amerogwa.

Mshona viatu mzee wa chumba cha mwisho alipohamia kwa bintiye huko Goma, wale wanawake hawakungoja mwenye nyumba atafute mtu. Walimwambia chumba kina mwenyewe, ni yule mama wa moto.

Kesho yake tulipanda Mudende, mama akienda mbele kwa kasi hata nikawa nakimbia. Mdogo wangu alikuwa akimenya viazi na bibi. Aliinuka, akatupa mkono kama wanavyopewa wageni, kisha akamwuliza bibi kwa sauti ya chini kama wageni watalala.

Bibi alitimiza neno lake, akamfungia nguo zake. Mtoto alilia mpaka akapaliwa, ameng'ang'ania kitenge cha bibi. Mama akakifungua kile kifurushi kwa mkono wake mwenyewe.

Katika chumba kile tulikaa miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu alikuja kila Idi. Jinsi nilivyokuwa namngoja! Nilimwachia upande wa ukutani kitandani, nikamtembeza kila mlango. Siku ya tatu asubuhi alimwendea mama, akamwuliza kwa adabu kama sasa anaweza kurudi kwao.